Asilimia 90 inayodanganya: historia fupi ya kappa

Hebu fikiria mtihani wa vitendo wa udaktari. Wanafunzi ni 100, watahini wawili, na kila mtahini anaandika peke yake: amefaulu au amefeli. Mwishoni wamelingana kwa wanafunzi 90. Asilimia 90! Si safi hiyo?

Ngoja kwanza. Tuseme wote 90 ni waliofaulu. Mtahini wa kwanza amefelisha watano, wa pili naye watano, lakini si wale wale. Yaani hakuna hata mwanafunzi mmoja ambaye wote wawili wamesema amefeli. Ukiwa miongoni mwa hao kumi, hatima yako inategemea tu neno la nani litafuatwa.

Mwaka 1960 Jacob Cohen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New York, alitoa kipimo cha kappa. Hoja yake ni nyepesi: hata watu wanaojaza fomu kwa kubahatisha watalingana mara kadhaa. Kwa hiyo toa kwanza ulinganifu wa bahati, halafu angalia kilichobaki. Kwa watahini wetu, bahati peke yake inatoa 0.95 × 0.95 + 0.05 × 0.05, yaani 0.905. Wao wamepata 0.90. Kappa inakuwa kama −0.05. Chini ya sifuri!

Kipimo kikaendelea kukua. Mwaka 1968 Cohen alileta kappa yenye uzito, maana kupishana ngazi moja si sawa na kupishana ngazi tatu. Mwaka 1971 Joseph Fleiss akatoa ya watahini zaidi ya wawili. Mwaka 1977 Landis na Koch wakaweka madaraja: 0.61 hadi 0.80 ni ulinganifu mkubwa, na kadhalika. Wenyewe walikiri kwamba mipaka hiyo waliikadiria tu. Sisi tukakariri madaraja, onyo tukaliacha.

Mwaka 1990 Feinstein na Cicchetti wakaonyesha kitendawili. Chukua tena ulinganifu wa 90, ila safari hii 45 wamefaulu na 45 wamefeli kwa watahini wote wawili, na wale kumi wamegawanyika tano kwa tano. Kappa inapanda hadi 0.80. Asilimia ni ile ile, kappa iko mbali kabisa, kwa sababu kundi la waliofeli si dogo tena.

Sasa ufanye nini kwenye utafiti wako? Usitoe namba moja ukanyamaza. Onyesha jedwali zima, na hesabu ulinganifu wa kufaulu na wa kufeli kila mmoja peke yake. Kwa mfano wetu wa kwanza, kufaulu ni asilimia 95, kufeli ni 0. Hapo ndipo ukweli ulipojificha.

Na kama ni alama, si kufaulu au kufeli, usikimbilie kipimo cha uwiano. Mtahini anayempunguzia kila mtu alama 10 atapata uwiano kamili na mwenzake, ilhali hawajalingana kwa mwanafunzi hata mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kufungua programu ya takwimu, jiulize: nikikosea hapa, nani ataumia? Ni mwanafunzi atakayerudia mwaka bila haki, au ni mgonjwa atakayetibiwa na aliyestahili kufeli?