Vifo vya dawa za kulevya na mashtaka ya mauaji nchini Marekani

Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu aliyempa mwenzake dawa za kulevya zikamuua anaweza kushtakiwa kwa mauaji, hata kama hakukusudia kumdhuru. Uzito wa kosa hutegemea mahali, kwa kuwa kila jimbo hujitungia sheria zake za jinai.

Sheria hizi zilipata nguvu baada ya kifo cha Len Bias, nyota wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Maryland, aliyeuawa na kokeini Juni 1986, siku mbili tu baada ya kuteuliwa na Boston Celtics. Mwaka huohuo Kongresi ilipitisha sheria ya shirikisho yenye kifungo kisichopungua miaka 20 pale dawa iliyosambazwa inapoleta kifo. Huko Wisconsin, sheria ya jimbo hadi leo huitwa kwa jina la Bias.

Florida huweza kulihesabu kosa hilo kuwa mauaji ya daraja la kwanza, ambayo adhabu yake ni kifo au kifungo cha maisha. Louisiana huliweka daraja la pili, lakini aliyehukumiwa hufungwa maisha bila nafasi ya kuachiwa mapema. Kwa Minnesota ni daraja la tatu, na kifungo hakizidi miaka 25. Vermont haivuki miaka 20. Massachusetts haina kosa maalumu la aina hiyo. Waendesha mashtaka hutumia sheria ya kawaida ya kuua bila kukusudia. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilitamka kwamba kumpa mtu heroini, peke yake, hakutoshi kumtia hatiani mshtakiwa: lazima ithibitike kuwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba aliyepewa alikuwa katika hatari kubwa ya kuzidisha kipimo.

New Jersey imeshika njia nyingine kabisa. Huko nia haiulizwi. Inatosha kuthibitisha kwamba mshtakiwa alisambaza dawa na kwamba dawa hiyo ilileta kifo.

Suala la chanzo cha kifo ni gumu zaidi, maana marehemu wengi hukutwa na dawa kadhaa mwilini. Katika kesi ya Burrage ya mwaka 2014, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa, chini ya sheria ya shirikisho, haitoshi dawa ya mshtakiwa kuwa imechangia tu kifo, ikiwa yenyewe peke yake isingetosha kuua. Lazima ithibitike kwamba bila dawa hiyo marehemu asingekufa. Uamuzi huo hauyafungi majimbo katika kutafsiri sheria zao.

Kasoro kubwa ya sheria hizi ni upana wa maana ya kusambaza. Mara nyingi kugawana bure nako huhesabiwa, hivyo rafiki au mchumba aliyekuwa akitumia pamoja na marehemu hushtakiwa sawa na mfanyabiashara. Majimbo mengi humkinga anayeita msaada dhidi ya shtaka la kupatikana na dawa, lakini kinga hiyo kwa kawaida haifiki kwenye shtaka la mauaji. Kwa hiyo aliye karibu zaidi na mgonjwa ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuogopa kupiga nambari ya dharura, 911.