Kinanda, Kanuni na Unyoya wa Kunguru

Neno "kinanda" tunalitumia leo kwa ala kubwa ya kanisani, kwa piano, na hata kwa kile kidogo kinachopulizwa mdomoni. Wazee wa pwani walipolitamka zamani, walikuwa na kitu kingine akilini: kipande kimoja cha mti kilichochongwa, kikatobolewa tumbo, kikawambwa ngozi na kutiwa nyuzi. Wengine walikiita gambusi, wengine kibangala. Kamusi za karne ya 19 bado zinakieleza kinanda kuwa ala ya nyuzi. Walipofika Wazungu na ala zao, jina likahamia kwa wageni. Neno likabaki mjini, mwenyewe akaondoka.

Kuna kinanda kimoja cha Ulaya ambacho jina hili linakifaa kwa maana zake zote mbili, ile ya kale na hii ya sasa. Nacho ni hapsikodi. Kwa sura kinafanana na piano: kina safu ya vibonyezo mbele na nyuzi za madini ndani ya sanduku refu la mbao. Lakini piano hupiga nyuzi zake kwa nyundo, ilhali hapsikodi huzidonoa. Mpigaji abonyezapo, kijiti chembamba cha mbao huinuka. Kijiti hicho kimechomekwa kipande cha bua la unyoya, mara nyingi wa kunguru, nacho hukwanyua uzi. Kidole kikiachia, kijiti hushuka, unyoya hujikunja kando usiuguse uzi mara ya pili, na kipande cha kitambaa huunyamazisha. Kwa hiyo ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti hubadilika kidogo mno. Hisia zote mpigaji huzitafuta katika mwendo, katika vituo, na katika mapambo ya sauti.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria taarabu ya Unguja ataona undugu hapa. Kanuni, ile ala ya pembe nne yenye nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, nayo hudonolewa. Neno lake lilitoka kwa Wagiriki, likapita kwa Waarabu, likatufikia sisi likiwa na maana mbili, ya sheria na ya ala. Ulaya ya zama za kati nayo ilikuwa na ala za namna hiyo, na baadhi ziliitwa kwa jina lililotokana na kanuni hiyo hiyo. Hapsikodi, kwa asili yake, ni ala ya jamii hiyo iliyotiwa vibonyezo. Mwaka 1397 mwanasheria mmoja wa Padua, Italia, aliandika kuhusu Hermann Poll aliyedai kuibuni. Hata kile kidonoleo cha wapiga udi, kiitwacho kwa Kiarabu risha, maana yake ya asili ni unyoya tu.

Kwa karne tatu hapsikodi ilitawala. Jamaa ya Ruckers wa Antwerp waliziunda kwa sifa kubwa, na Johann Sebastian Bach aliitungia kazi iliyochapishwa mwaka 1741, ijulikanayo kwa jina la Goldberg. Lakini kufikia mwaka 1700, huko Florence, Bartolomeo Cristofori alikwisha kuunda ala ya nyundo iliyoweza kunong'ona na kupaaza sauti. Watu wakaipenda piano. Kabla karne ya 18 haijafika mbali na mwisho wake, maseremala wa hapsikodi walianza kukosa kazi, na ujuzi wao ukaenda nao kaburini.

Ufufuo wake ndio wenye fundisho kwetu. Mwaka 1896 Arnold Dolmetsch alionyesha London hapsikodi aliyoiunda mwenyewe. Mwaka 1912 Wanda Landowska, mzaliwa wa Warsaw, aliitambulisha hapsikodi mpya iliyoundwa na kampuni ya Pleyel, na mwaka 1933 akarekodi ile kazi ya Bach. Huyu bibi aliipenda ala hii kwa moyo wote. Wanazi walipoingia Ufaransa mwaka 1940 alikimbia, na ala alizokusanya zikaporwa. Hata hivyo, ile hapsikodi yake ilikuwa nzito, imeundwa na mafundi waliozoea piano. Jina lilikuwa la kale, lakini mwili ulikuwa wa zama mpya.

Ilibidi waje wengine. Mwaka 1949, mjini Boston, Frank Hubbard na William Dowd walifungua karakana. Walizichunguza ala kongwe zilizosalia, wakapima unene wa mbao na urefu wa nyuzi, wakaunda kama walivyounda wa kale. Ndipo sauti nyepesi na angavu ikarudi. Walichofufua hasa ni kazi ya mkono. Muziki wenyewe ulikuwa ungali katika karatasi.

Sisi hatuna hata karatasi hiyo. Nafasi ya kinanda cha zamani katika taarabu ilichukuliwa na udi, kisha zikaja fidla, akodiani na vinanda vya umeme. Visiwani Komoro ndugu yake, gabusi, bado anasikika. Kwetu mafundi waliojua ni mti gani ufaao, ngozi iwambwe vipi na tumbo lichimbwe kina gani wamekuwa adimu, na tungo nyingi zilizoimbwa kwa ala ile tunazisoma sasa kimya kimya, tukihesabu mizani kwa vidole.

Mpenzi wa lugha anaweza kuridhika kwamba neno "kinanda" lingali hai. Mimi siridhiki. Bach alisubiri zaidi ya miaka mia moja apate tena sauti yake kwa sababu ala chache zilisalia za kupimwa. Basi ukiona gambusi kuukuu limetundikwa ukutani kwa mzee, limekatika nyuzi, usilipite. Muulize nani alilichonga, na kwa mti gani, na uyaandike majibu yake siku hiyo hiyo.