Wagosi wa Kaya: Ubingwa wa 1988 na Fainali ya Arusha

Coastal Union ilianzishwa mwaka 1948, Tanga ikiishi kwa mkonge, reli na bandari. Mtani wake, African Sports, alikuwapo tangu 1936. Timu zote mbili ni za Ngamiani, ule upande wa mji ambao barabara zake huitwa kwa namba, na uwanja wao ni mmoja, Mkwakwani. African Sports ni Wana Kimanumanu. Coastal ni Wagosi wa Kaya. Kwa Kisambaa na Kibondei mgosi ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Jina hilo, basi, ni la kujidai wenye mji, na haishangazi kwamba upande wa pili haujawahi kulikubali. Utani wa Simba na Yanga husikika nchi nzima, lakini huu wa Tanga si mdogo kwa wanaouishi.

Ligi ya taifa ilianza 1965, na kwa miaka kumi ubingwa haukutoka Dar es Salaam. Mseto ya Morogoro ndiyo iliyouvunja mwiko huo mwaka 1975. Tukuyu Stars ya Mbeya ikafuata 1986, na miaka miwili baadaye zamu ikawa ya Coastal. Ligi haina fainali: bingwa hupatikana kwa pointi zilizokusanywa mechi baada ya mechi, nyumbani na ugenini, kwa hiyo timu ya mkoani haiwezi kuotea ubingwa kwa siku moja ya bahati. Msimu wa 1988 Wagosi walizikusanya kuliko wote, huku Simba ikiponea chupuchupu kushuka daraja.

Kikosi hicho hakikudumu. Dar es Salaam ilikuwa na fedha na majina, na wachezaji wa mikoani waliozichezea vizuri timu zao walijua njia ya kuelekea huko. Golikipa Mohamed Mwameja, aliyetokea Coastal, ndiye aliyekuwa langoni mwa Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella ya Abidjan. Tanga yenyewe ilikuwa imepungukiwa. Bei ya mkonge ilishaanguka zamani, na mji usio na ajira hauwezi kulea klabu kwa michango ya wanachama.

Mwaka mbaya kuliko yote ulikuwa 2016. Mkoa ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu zilishuka kwa mkupuo. Coastal ilirudi msimu wa 2018/19, safari hii ikiwa imemsajili hata mwanamuziki Ali Kiba, jambo lililowapa watu la kuzungumza kuliko mabao.

Kisha ikaja fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, tarehe 2 Julai 2022, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Coastal ilikuwa chini ya Juma Mgunda, aliyewahi kuichezea. Yanga ilikuja ikiwa bingwa wa ligi aliyemaliza msimu bila kufungwa, na katika nusu fainali ilikuwa imeitoa Simba kwa bao 1-0 jijini Mwanza. Karatasini mechi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Uwanjani Abdul Suleiman, maarufu Sopu, aliifunga Yanga mabao matatu peke yake. Dakika 120 zilikwisha 3-3; penalti zikaipa Yanga kombe kwa 4-1. Ni nadra mfungaji wa mabao matatu kuondoka fainali akiwa ameshindwa, na ndivyo ilivyokuwa kwa Sopu.

Yaliyofuata yalikuwa yaleyale ya enzi za Mwameja. Sopu alisajiliwa na Azam, na Septemba mwaka huohuo Mgunda akaitwa kuinoa Simba. Hata hivyo Coastal haikuporomoka. Msimu wa 2023/24, ikiwa na kocha Mkenya David Ouma na golikipa Mkongo Ley Matampi, ilimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Huko ilitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola.

Tangu Mtibwa Sugar ilipotwaa ubingwa 1999 na 2000, hakuna timu iliyoubeba isipokuwa Simba, Yanga na Azam, zote za Dar es Salaam. Kwa mkoa wa Tanga, ubingwa wa ligi hiyo ya taifa ni mmoja tu, ule wa 1988.