Vipepeo walioinusuru Arabuko-Sokoke

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkulima wa Kigiriama aliyeishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, katika pwani ya Kenya, hakuwa na sababu nyingi za kuupenda. Ndovu na nyani walitoka humo kuyala mahindi yake, na yeye mwenyewe akiingia kukata mti alikamatwa, kwa kuwa msitu ulikuwa mali ya serikali tangu enzi za ukoloni. Uchunguzi wa maoni wa wakati huo ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakulima walitaka msitu wote ufyekwe.

Wanasayansi waliingiwa na wasiwasi. Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita za mraba 420, ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Lakini sifa za ndege adimu hazilishi watoto.

Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo huko Gede, jirani na magofu mashuhuri. Wakulima walifundishwa kunasa vipepeo wachache msituni, kuwafuga katika vizimba vya wavu, kuwalisha viwavi majani ya mimea ya msituni, kisha kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuota mbawa. Pupa hao husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo hai. Houston, Texas, ilifungua nyumba ya aina hiyo mwaka 1994. Mzigo hauna ruhusa ya kuchelewa: kipepeo akitoka njiani, fedha zimepotea.

Uchunguzi uliofuata ulibaini kuwa waliotaka msitu ufyekwe wamepungua sana. Sheria ilikuwa ile ile, na ndovu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba msitu ukitoweka, mbegu ya biashara ingetoweka pia.

Mfano huo ulifuatwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Huko ndiko udhaifu wake ulikodhihirika. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai, vipepeo wakiwemo. Wafugaji, ambao hawakuwa wamekosa lolote, wakabaki na vizimba bila mnunuzi wa ng'ambo, huku wakiendelea kutarajiwa kuulinda msitu.