Mapato ya Nani? Historia ya Kodi ya Mume na Mke katika Marekani

Kila mwaka, ufikapo wakati wa kupeleka taarifa ya mapato kwa serikali, mume na mke katika Marekani huwa na njia mbili za kuchagua: wajaze taarifa moja kwa pamoja, au kila mmoja ajaze yake. Walio wengi hufuata njia ya kwanza, kwa kuwa kwa kawaida kodi yake ni ndogo. Hudhaniwa kwamba hiari hiyo ilitungwa ili kuiheshimu ndoa. Historia yaonyesha vingine. Sura iliyo nayo leo ilitokana na ugomvi wa majimbo juu ya mali, na ugomvi wenyewe ulisimama juu ya neno dogo kabisa la sheria.

Katiba ilirekebishwa mwezi wa Februari 1913, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Kongresi ikatunga sheria ya kodi ya mapato. Kodi ya kawaida ilikuwa 1%, na matajiri waliongezewa kodi ya ziada isiyozidi 6%. Asiye na ndoa alisamehewa dola 3,000 za kwanza. Mume na mke wakaao pamoja, dola 4,000. Kwa viwango vidogo namna hiyo, haikuwa na uzito mkubwa mapato yameandikwa kwa jina la nani. Walakini vita vikuu vya kwanza vilikipandisha kiwango cha juu hata kufika 77% katika 1918, na hapo jina likawa na thamani.

Sababu yake yaweza kuonekana kwa mfano wa kubuni. Ikiwa dola 5,000 za kwanza hutozwa 10%, na zinazozidi hapo hutozwa 30%, mtu mmoja mwenye dola 10,000 atalipa dola 2,000. Mapato hayo hayo yakigawanywa sawasawa kati ya watu wawili, kila mmoja atalipa dola 500, na jumla itakuwa dola 1,000 tu.

Basi sheria ilitoza mapato ya kila mtu. Lakini hiyo "ya" ina maana gani? Je, mapato ni ya yule aliyeyatolea jasho, au ni ya yule ambaye sheria ya mali yamtambua kuwa mwenyewe? Katika mwaka wa 1930 Mahakama Kuu ya Marekani ilijibu swali hilo mara mbili, na majibu hayakufanana.

Kesi ya kwanza ilimhusu Guy C. Earl, mwanasheria wa California. Yeye na mkewe walikuwa wamepatana tangu 1901, miaka 12 kabla ya sheria ile ya kodi, kwamba chochote atakachochuma mmoja wao kitakuwa mali ya wote wawili. Mwezi wa Machi 1930 Jaji Holmes alikata shauri kwamba mapatano hayo hayawezi kuiondoa kodi kwa mchumaji: tunda haliwezi kuhesabiwa kuwa la mti mwingine usiolizaa. Earl akatozwa kwa mapato yote.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo ikaja kesi ya Seaborn, wa jimbo la Washington. Jimbo hilo lilikuwa moja katika majimbo manane ya magharibi na kusini, mengi yao yakiwa yamerithi sheria za Kihispania au za Kifaransa, ambamo mapato ya ndoa ni mali ya wote wawili tangu yapatikanapo. Jaji Roberts alisema kwamba lile neno dogo la sheria hudokeza umilikaji. Kwa hiyo nusu ilikuwa ya mke, na kila mmoja aliweza kutozwa kwa nusu yake. Tokea hapo watu wawili wenye mshahara mmoja, mmoja wa Washington na mwingine wa New York, walilipa kodi mbalimbali.

Katika 1941 ilipendekezwa kwamba mume na mke walazimishwe kujaza taarifa moja. Vyama vya wanawake vilipinga, kwani pato la mke lingepachikwa juu ya la mume na kutozwa kiwango cha juu; Kongresi ikaliacha pendekezo hilo. Vita vikuu vya pili vilikipandisha kiwango cha juu hata 94% katika 1944. Ndipo Oklahoma, Hawaii, Oregon, Nebraska, Michigan na Pennsylvania, kwa nyakati zilizopishana, zilipobadili sheria zao za ndoa na kumpa mke nusu ya mapato ya nyumba.

Kongresi iliumaliza ugomvi huo tarehe 2 Aprili 1948, kwa kuipitisha sheria mpya juu ya kura ya turufu ya Rais Truman. Mume na mke wa jimbo lolote waliojaza pamoja walihesabiwa kana kwamba kila mmoja alipata nusu. Lakini nusu hiyo ilikuwa ya hesabu tu. Majimbo yaliyokuwa yamemgawia mke mali yakazifuta sheria zile, isipokuwa Pennsylvania, ambako mahakama ya jimbo ilikuwa imekwisha kuitangua katika 1947. Mke alipewa nusu kwa ajili ya kodi, na kodi ilipopata njia nyingine akanyang'anywa. Tena, aliyetia sahihi taarifa ya pamoja aliweza kudaiwa deni lote, hata lililotokana na udanganyifu wa mwenzake. Nafuu kwa mwenzi asiye na hatia ililetwa na sheria katika 1971, ikapanuliwa katika 1998.

Baadaye wakanung'unika wasio na ndoa, maana kwa mapato ya kadiri fulani walilipa karibu 40% zaidi ya mume na mke. Sheria ya 1969 iliwapunguzia mzigo, lakini ikawaelemea mume na mke wote wawili wafanyao kazi. Mume na mke mmoja wa Maryland walitalikiana ng'ambo mwishoni mwa 1975, wakaoana tena Januari, kisha wakarudia mwaka uliofuata. Katika 1980 Mahakama ya Kodi iliamua kwamba kwa hesabu ya kodi walikuwa bado wameoana.

Viwango vilivyowekwa na sheria ya 2017 vimewaondolea wengi mzigo huo, lakini si wote, wala haiwezekani kuwaondolea wote. Watu hutaka mambo matatu: kiwango kipande kwa kadiri ya mapato; nyumba mbili zenye mapato sawa zilipe sawa; na ndoa isiongeze kodi wala kuipunguza. Ule mfano wa dola 10,000 watosha kuonyesha kwamba hayakai pamoja. Kila mmoja akitozwa peke yake, nyumba yenye mchumaji mmoja italipa 2,000, na yenye wawili 1,000. Nyumba hizo zikisawazishwa, basi ndoa yenyewe itabadili kodi ya mtu. Kila sheria tangu 1913 imechagua mawili na kulitupa la tatu, na aliyeangukiwa na lile lililotupwa ndiye aliyelipa.