Likeni ya Majabalini na Kivuli Chake

Wasikilizaji, bila shaka mmepata kuona juu ya mawe ya kale madoa ya kijivu, manjano au kijani, kana kwamba rangi ilimwagika ikakauka. Madoa hayo si uchafu. Ni viumbe hai, na wenye elimu huviita likeni. Watu wa pwani yetu waliijua namna moja tangu zamani, yaani marere, ambayo katika karne ya 19 ilipelekwa Ulaya kutoka Unguja kwa kutia nguo rangi ya zambarau.

Zamani wataalamu walidhani kuwa likeni ni mmea mmoja. Mwaka 1867 Simon Schwendener, mtu wa Uswisi, alitangaza kuwa ni viumbe wawili waishio pamoja: kuvu, na mwani mdogo usioonekana kwa macho. Kuvu hujenga nyumba na kushika maji. Mwani hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga. Wengi walimpinga vikali, lakini hatimaye neno lake lilithibitika.

Likeni ninayotaka kuieleza leo hukaa katika milima ya Appalachian, kusini-mashariki ya Marekani, hasa North Carolina na Tennessee. Jina lake la kitaalamu ni Cetradonia linearis. Aliyeieleza kwanza kwa maandishi ni Alexander Evans wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1947. Ina vijani vyembamba kama kanda, upana wake yapata milimita moja, kijivu juu na vyeusi shinani. Hushika majabali yaliyosimama wima, ama katika vilele vya futi 5,000 na zaidi vifunikwavyo na ukungu, ama katika magenge ya mito. Hutaka unyevu, jua kali huiua.

Basi adui alitoka mbali. Mdudu mdogo mno aliletwa kutoka Ulaya bila kukusudiwa, na mwaka 1957 alionekana Mount Mitchell, mlima wa futi 6,684. Alifyonza miti ya jamii ya misonobari iitwayo Fraser, ikafa kwa maelfu. Mdudu huyo hakuigusa likeni hata kidogo. Lakini miti ilipoanguka, kivuli kiliondoka, na majabali yaliyokuwa na unyevu yakakauka juani. Juu ya hayo, wapanda milima waliikanyaga, na wakusanyaji waliibandua.

Mwaka 1995 Serikali ya Marekani iliiandika katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, kwa sheria ya mwaka 1973. Kabla yake likeni moja tu, ya Florida, ilikuwa imepata ulinzi huo, mwaka 1993. Wakati ule makundi yake mengi hayakufika eneo la mita moja ya mraba. Mguu mmoja ukiteleza waweza kufuta kazi ya miaka mingi.

Pengine mtu atauliza: kitu kisicholiwa wala kuuzwa chalindwa kwa nini? Kwanza, kikitoweka hakuna awezaye kukirudisha. Pili, chatufundisha jambo. Sheria yaweza kuzuia mkono na mguu wa mwanadamu, lakini haimzuii mdudu aliyekwisha kuvuka bahari. Tena alindaye mwamba hana budi kulinda na mti uutiao kivuli. Wazee wetu walijua hayo: atakaye chemchemi isikauke hakati miti iliyo juu yake.