Mlango wa Nyuma wa Hiace na Kigongo cha Konda



Leo naomba tuongee historia, lakini si ile ya machifu na magavana. Ni historia ya mlango. Ule mlango wa nyuma wa Hiace unaofunguka kwenda juu. Nenda stendi yoyote ya magari yanayopanda milima ya Usambara utauona. Konda anavuta kitasa, mlango unapanda kidogo, unafika usawa wa paji la uso, unagoma. Anausukuma kwa kiganja, anachomoa kigongo chini ya siti (gongo la mti, siyo lile la kunywa!), anautegemeza. Hapo ndipo matenga yanaanza kuingia.

Wengi tukiona hivyo tunacheka, tunasema "gari kimeo" na kuendelea na safari. Mimi nadhani kigongo kile kinastahili heshima kidogo. Kinatueleza namna vyombo vya usafiri vilivyotufikia, vilitengenezwa kwa kazi gani, na nani analipa tofauti iliyopo kati ya kazi ile na hii yetu.

Tuanze mbali kidogo. Mombo iko tambarare, kama mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kwenye mita 1,400. Katikati kuna barabara ya kilomita 33 inayojipinda kama nyoka kupitia Soni. Kwa hiyo swali la Usambara tangu zamani ni moja: mzigo unapandaje, na unashukaje? Kwa karne nyingi jibu lilikuwa kichwa na mgongo wa binadamu.

Wajerumani walipokuja walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Lushoto wakaibatiza jina la mfalme wao Wilhelm, wakaiita Wilhelmstal. Lakini treni haikuweza kupanda ukuta ule, ikapita chini kuelekea Moshi. Juu kule Shume kulikuwa na msitu wa miti ya mwangati, mbao safi kabisa. Kabla ya vita ya 1914 ukajengwa mtambo wa waya wa kuning'inia kutoka msituni hadi stesheni ya Mkumbara, kazi ya kampuni ya Bleichert ya Leipzig. Mbao zikawa zinashuka hewani!

Hebu tazama hapo. Mtambo ule ulipimwa kwa kazi moja tu, kuteremsha mbao za mwenye kampuni. Mama mwenye mzigo wake wa mahindi hakuwa kwenye hesabu. Biashara ile ilipokufa, mtambo nao ukafa, na mama akabaki na mzigo wake kichwani. Shika hilo, tutalirudia.

Baadaye, enzi za Mwingereza, ikaja Land Rover, iliyozinduliwa mwaka 1948. Mlango wa nyuma wa Land Rover ya wazi ulikuwa kipande cha bati kinachoangukia chini na kushikwa na minyororo miwili. Malori ni hivyo hivyo mpaka leo. Ukifungua, uzito wenyewe unaulaza mlango, basi. Hakuna cha kuchoka wala kuisha, na mlango hauna pa kuanguka zaidi.

Kisha zikaja Kombi. Volkswagen walianza kuzitengeneza mwaka 1950, na muda si mrefu kampuni nyingine ya Kijerumani, Westfalia, ikawa inaziwekea vitanda na makabati ili mtu asafiri na kulala humo humo. Afrika Mashariki Kombi zilibeba watalii na wamisionari wengi. Toleo lililoanza mwaka 1967 lilikuwa na mlango mpana wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Raha yake ni kwamba unapata kivuli, na mvua haikunyeshei ukiwa unapakia. Lakini mlango wa kwenda juu unaleta swali ambalo Land Rover haikuwa nalo. Ukishafika juu, nani ataushika?

Jibu la zamani lilikuwa springi ya chuma, au fimbo ya kuegemeza kama ile iliyopo mpaka leo kwenye boneti za magari mengi. Mwaka 1962 kampuni ya Stabilus ya mjini Koblenz, Ujerumani, ikaanza kutengeneza kwa wingi kitu kingine, bomba jembamba lenye gesi ndani. Hiki ndicho mafundi wetu wanakiita shokapu ya mlango, ingawa kazi yake si kama ya shokapu ya tairi. Haizuii mtikisiko, inasukuma.

Inafanyaje kazi? Ndani ya bomba kuna gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa na mafuta kidogo. Fimbo ya chuma inaingia na kutoka kupitia mpira wa kuzuia. Chukua fimbo yenye unene wa milimita 8. Uso wake ni kama nusu sentimita ya mraba tu. Lakini gesi ikiwa imeshindiliwa mara 100 ya hewa tunayovuta, fimbo ile ndogo inasukuma kwa nguvu ya kuinua kilo 50 hivi. Mbili zinatoa kama kilo 100. Kwa vile zinakaa karibu na bawaba na si kwenye ncha ya mlango, nguvu hiyo yote inahitajika.

Sasa tuje Bongo. Mwaka 1983 serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, daladala zikazaliwa rasmi. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Mlango ukafunguka, na miaka ya tisini magari yaliyotumika ya Japani yakamiminika. Hiace, ambayo Toyota waliianza mwaka 1967, ilitufaa kweli. Usukani uko kulia kama wetu, injini ni ngumu, spea zinapatikana. Kule Japani ukaguzi wa magari ya zamani una gharama kubwa, hivyo wenyewe walikuwa wanayauza mapema. Kwao gari linamaliza maisha, kwetu ndiyo kwanza linaanza.

Hapo ndipo shokapu yetu inapoingia matatani. Gesi huvuja polepole kupitia ule mpira, hata gari likikaa tu. Vumbi likichanja fimbo, inavuja haraka zaidi. Injini inafunguliwa na kufungwa upya, breki zinabadilishwa, bodi inapigwa rangi. Shokapu ya mlango haifunguliwi, ikiisha imeisha. Na kwa kuwa gari linatembea hata mlango ukigoma, kununua mpya kunawekwa mwisho kabisa wa foleni.

Kwa Usambara kuna mambo matatu yanayoongeza tatizo.

La kwanza ni baridi. Gesi ikipoa, msukumo unapungua. Tuseme gari liko Mombo mchana kwenye nyuzi joto 30, halafu linaamka Lushoto asubuhi ya Julai kwenye nyuzi 12. Msukumo umeshuka kwa karibu asilimia 6. Shokapu mpya haitajali. Shokapu iliyochoka, iliyokuwa inaumudu mlango kwa kubahatisha, itagoma. Kwa hiyo dereva akikwambia mlango wake "unaogopa baridi", usimcheke, anaongea fizikia.

La pili ni mwinuko. Gari likisimama limeelekeza pua mlimani, mlango uliofunguka unainama, uzito wake unazidi kuvuta chini. Gari lile lile likigeuzwa, mlango unaweza kusimama vizuri.

La tatu ni uzito. Mlango ulipimwa kama ulivyotoka kiwandani. Sisi tunaongeza ngazi ya kupandia kwenye keria, spika, na bati la kuziba kutu. Wala si sisi tu! Wazungu wenye magari ya kulala huko Ulaya wanafunga keria ya baiskeli mlangoni, kisha wanashangaa mlango hauendi juu. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni kwamba yule yuko likizo.

Sasa sikia jambo lenyewe. Mlango unapokuwa umelala karibu sawa na ardhi, hapo ndipo uzito wake unavuta kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mlango dhaifu unakwama pale pale, urefu wa kichwa cha mtu. Na nani yuko chini yake? Konda, kijana wa kupakia, na mama anayeingiza tenga lake la nyanya au kiroba cha karoti, ameinama, mikono yote miwili ina mzigo. Kigongo kikiteleza, hana mkono wa kujikinga. Abiria wa siti ya mbele hata hajui kama kuna kigongo.

Ndiyo maana nilisema tutarudi kwa yule mama wa enzi za mtambo wa Shume. Zamani mtambo haukumhesabu kabisa. Leo gari linambebea mzigo, mboga za Lushoto zinafika mpaka Dar, tunazila mjini bila kufikiria. Lakini bado hayumo kwenye hesabu ya chombo chenyewe. Mhandisi alipima mlango kwa ajili ya mtu anayeufungua mara chache kwa siku kwenye barabara ya lami. Hakupima vituo vyote vya kutoka Mlalo hadi Mombo kila siku ya gulio. Tofauti hiyo inabebwa na kichwa cha mtu.

Tufanyeje? Kwanza, wenye magari wanunue shokapu zote mbili kwa pamoja. Ukibadilisha moja, mlango unasukumwa upande mmoja na bawaba zinapinda. Pili, zifungwe fimbo ikiwa imeelekea chini mlango unapokuwa umefungwa, ili mafuta yaloweshe ule mpira usikauke. Tatu, ya zamani isikatwe wala kuchomwa moto, maana hata iliyochoka ina gesi iliyoshindiliwa.

Na kama hela ya shokapu haipo? Basi fundi wa kuchomelea atengeneze fimbo ya chuma yenye bawaba upande mmoja na pini ya kufunga upande wa pili, kama ile ya boneti. Haihitaji gesi, haiogopi baridi, haitelezi. Konda mwenye kigongo alishagundua jibu sahihi, amekosa pini tu.

Siku nyingine ukishuka kutoka Lushoto, kabla hujamwambia konda afanye haraka, nenda nyuma uangalie mlango umeshikwa na nini. Kisha mshikie, mama aingize tenga lake.